Bonde la Hilali

Mwaka 2021 Kenya ilileta Muswada wa Mifugo uliokuwa na kifungu kuhusu nyuki. Kila afugaye nyuki kwa biashara alitakiwa ajiandikishe, na asiyefanya hivyo angekabiliwa na faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tangu nzige wa mwaka uliotangulia, hakuna mdudu aliyezua kelele kama zile. Watu waliuliza, nusu kwa dhihaka na nusu kwa hofu, kama nyuki nao watapewa vitambulisho, na kama mzinga uliotundikwa na babu utahitaji leseni ya mjukuu. Wizara ikauondoa muswada. Mimi nilikuwa upande wa waliopinga, na mpaka leo sioni haya. Ila kila nikikumbuka majadiliano yale naona tulishinda kabla hoja haijaisha. Tulisema hatutaki kuandikishwa, tukaishia hapo. Hatukuuliza mfugaji anayetaja mahali mizinga yake ilipo anapewa nini na dola kama malipo ya kauli hiyo. Swali hilo ndilo lililonibadilisha kidogo kidogo, hata leo nikawa natetea daftari la nyuki, ingawa si lile la 2021.

Tuanze na chimbuko la kanuni zenyewe, maana hazikuzaliwa kwetu. Mwaka 1852 Mmarekani Lorenzo Langstroth alipata hataza ya mzinga wenye fremu zinazochomolewa na kurudishwa. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa: mfugaji aliweza kukagua masega bila kuyabomoa na kulina asali bila kuua nyuki. Lakini fremu inayochomoka hapa huchomekwa kule, na sega linalotoka mzinga mmoja kwenda mwingine hubeba pia maradhi. Uozo wa majana, ugonjwa wa bakteria unaowaua nyuki wakiwa bado ndani ya vijumba vya sega, ukapata barabara. Vimelea vyake huweza kukaa ndani ya mbao za mzinga kwa miongo kadhaa vikisubiri, ndiyo maana dawa iliyoaminika zaidi ilikuwa shimo na kiberiti. Mwaka 1877 wilaya ya San Bernardino huko California ikaweka kanuni ya kukagua mizinga, na majimbo mengine yakafuata. Mantiki yake haina utata. Nyuki wa jirani huruka kilomita tatu na zaidi, huingia mzinga uliokufa, huiba asali iliyobaki na kurudi nyumbani na ugonjwa. Mkaguzi asiyejua mizinga ya jirani iko wapi anachoma moto bure.

Hata hivyo nchi zilizorithi mantiki hiyo hazikuandika sheria moja. Uingereza kujiunga na daftari la kitaifa la wafuga nyuki ni hiari. Kinacholazimishwa ni kutoa taarifa ukishuku maradhi fulani, ukiwemo uozo wa majana. New Zealand huandikisha manzuki, yaani eneo. Jimbo la New South Wales, Australia, humtaka hata mwenye mzinga mmoja nyuma ya nyumba ajisajili. Tofauti hizi hazikuzungumzwa sana katika kelele zetu. Tulidhani kuna njia mbili tu, kusajiliwa au kuachwa, kumbe kuna maswali matatu tofauti: je, anayeandikwa ni mtu, ni mahali, au ni tukio?

Sasa mlete nyuki wa kwetu katika picha hiyo. Mfugaji wa Tabora au Katavi huchonga mzinga wa gogo au huukunja wa gome la miombo, huutundika juu ya mti ukiwa mtupu, na kungoja bumba lije lenyewe. Huenda mizinga mia ikapata wapangaji nusu. Maua yakikauka, moto ukipita, au mrinaji akipekua kwa pupa, kundi zima huhama na kuacha masega matupu. Nyuki wa Ulaya walichaguliwa kwa karne nyingi wavumilie kukaa. Wa kwetu hujua kuondoka, na kuondoka huko ndiko kumewaokoa. Wengi wao wanaishi kwenye mapango ya miti na nyufa za miamba, na hakuna awamilikiye. Wanasheria wa Roma ya kale waliliona jambo hili kitambo. Kwao nyuki alikuwa mnyama wa porini, wako maadamu yumo mzingani mwako, au bumba likitoroka, maadamu unalifuata na unaliona. Ukilipoteza machoni, ni la atakayelipata. Afisa anayekuja na fomu yenye safu ya idadi ya makundi anauliza swali ambalo mwenye mizinga hawezi kulipa jibu litakalobaki kweli kwa mwezi mzima.

Na hoja ya magonjwa, iliyo nguzo ya sheria za wenzetu, kwetu ina miguu dhaifu. Utitiri wa varoa, ambao Ulaya na Marekani humaliza makundi yasiyotibiwa, uliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Maangamizi yaliyotabiriwa hayakutokea. Nyuki wetu wanaishi nao, wengi bila dawa yoyote. Anayepinga usajili akiniwekea jambo hili mezani, namkubalia karibu lote. Namkubalia pia kuhusu Australia. Varoa ilipogunduliwa karibu na bandari ya Newcastle mwezi Juni 2022, serikali ilikuwa na daftari, ikaifuata mizinga, ikateketeza maelfu na kulipa fidia, na bado Septemba 2023 ikatangaza kwamba haitajaribu tena kuutokomeza. Daftari bora huweza kununua muda tu, na sisi hatuna haja kubwa ya bidhaa hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuandikisha nyuki wa Afrika Mashariki atafute sababu nyingine, akiikosa aache.

Sababu hiyo naiona mahali ambapo wengi wetu tumepita bila kusimama. Katika Sunan za Abu Daud imo habari ya mtu aitwaye Hilali aliyempelekea Mtume zaka ya asali ya nyuki wake, akamwomba amkingie bonde liitwalo Salaba. Akakingiwa. Ulipofika ukhalifa wa Omar, gavana wake akamwandikia kuuliza afanye nini na bonde lile. Jibu la Omar, kwa maana yake, lilikuwa hivi: akiendelea kutoa alichokuwa akikitoa, mlindie bonde lake, asipotoa, hao ni wadudu tu wanaofuata mvua, na kila atakaye ale. Wanazuoni walitofautiana juu ya hukumu inayotokana na habari hii. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yaliona asali inatolewa zaka; Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, haikuona hivyo, na baadhi ya wasomi wa hadithi walitilia shaka mlolongo wa wapokezi. Mimi si wa kuingia katika ugomvi huo. Kinachonivuta ni muundo wa mapatano. Hilali hakuomba ruhusa ya kufuga nyuki, wala hakuna aliyemuuliza ana makundi mangapi. Alitaja bonde. Alichotoa kilinunua kitu chenye jina na mipaka, na kama ada ingekoma, ulinzi ungekoma, bila jela wala faini. Neno letu himaya limetoka katika shina lile lile la Kiarabu linalobeba ulinzi ule. Muswada wa 2021 ulitaka upande mmoja tu wa mapatano hayo. Ulijua namna ya kumwadhibu asiyejiandikisha, lakini aliyejiandikisha hakuona bonde lake liko kifungu gani.

Tanzania ilikaribia kulipata bonde hilo. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 zilifungua mlango wa kutenga hifadhi za nyuki, zikiwemo za vijiji, yaani ardhi ambayo kazi yake inayotambuliwa kisheria ni kulisha nyuki. Hilo ni jambo kubwa kuliko leseni yoyote, kwa kuwa adui mkuu wa mfugaji wa miombo hana mabawa. Ni panga la mkata mkaa, ni shamba jipya la tumbaku, ni mpaka mpya wa hifadhi uliochorwa mezani. Mwaka 2019 Kigosi na Mto Ugalla zilipandishwa hadhi kutoka mapori ya akiba kuwa hifadhi za taifa. Katika pori la akiba, mfugaji angeweza kupewa kibali cha kuingia kwa msimu. Hifadhi ya taifa haina nafasi ya mrinaji. Watu ambao mizinga yao ilining'inia humo kwa miaka walijikuta wavamizi bila kusogeza mguu. Kigosi baadaye ilivuliwa hadhi hiyo ikarudi kuwa msitu wa hifadhi, na sauti za wafuga nyuki zilikuwa sehemu ya mjadala ule. Ila jiulize wangesimama na nini mkononi siku ramani ya kwanza ilipochorwa. Mzinga usioandikwa popote haupo katika chumba kinachoamua mipaka. Ushahidi wake ni kumbukumbu ya mwenyewe, na kumbukumbu ya mwenyewe hupewa uzito mdogo sana mbele ya ramani yenye muhuri.

Mfano mkali zaidi ni wa Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya. Kwao asali ni chakula, dawa, mahari na sadaka, na msitu uligawanywa kwa koo kufuata mizinga na maua, mpaka kwa mpaka, kwa namna iliyoeleweka na kila aliyehusika. Hakuna kilichoandikwa. Notisi ya kuwaondoa ilipotoka mwaka 2009, kilichofuata ni safari ya miaka mingi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, Arusha, ambayo tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba haki zao, ikiwemo ya mali na ya utamaduni, zilivunjwa, na mwaka 2022 ikaamuru fidia. Walishinda, lakini ushindi kwenye karatasi na mzinga juu ya mti ni vitu viwili. Msomaji atanipinga hapa, na ana haki: Waogiek walijulikana vizuri kabisa, na kujulikana hakukuwazuia kufukuzwa. Daftari lingewasaidia nini? Jibu langu ni la unyenyekevu. Karatasi haizuii dola iliyoamua kukuonea. Inachofanya ni kupandisha gharama ya uonevu na kupunguza miaka ya kuuthibitisha. Kwa mtu maskini, miaka hiyo ni tofauti kati ya kurithisha mizinga na kurithisha kesi.

Yapo mambo madogo ambayo daftari la mahali lingeyafanya bila kelele. Kunyunyizia viuatilifu ni mojawapo. Nzige walipovamia kaskazini mwa Kenya mwaka 2020, ndege zilinyunyiza dawa juu ya nchi ambayo Wasamburu na wengine hutundikamo mizinga. Kweleakwelea nao hunyunyiziwa kutoka angani karibu na mashamba ya mpunga na mtama. Tangazo la redio husikika na wenye redio. Orodha ya manzuki katika ofisi ya kilimo ya wilaya humwezesha afisa kumtumia ujumbe mwenye mizinga usiku uliotangulia, afunge milango au ahamishe. Wizi pia. Mababu waliupiga mzinga alama kwa chuma cha moto, na kijiji kizima kilijua alama ya nani ni ipi. Siku hizi asali iliyoibwa husafiri kwa pikipiki hadi mji ambao hakuna anayeisoma alama ile. Kuiingiza alama ya ukoo katika kitabu cha kata ni kuendeleza mila hiyo hiyo kwa kalamu. Na kuhusu kuumwa, maana nyuki wetu si wapole, umbali kati ya manzuki na njia, shule au zizi ni jambo la kanuni ya kijiji. Halihitaji wizara.

Wenye kupinga wana hoja moja inayonisumbua kuliko zote, nayo ni kodi. Afrika Mashariki imejifunza kwamba kuhesabiwa hutangulia kutozwa. Kodi ya kichwa ya wakoloni ilianza kwa kuhesabu vibanda. Mzee anayekataa kusema ana mizinga mingapi hana ujinga wowote, ana kumbukumbu. Sina maneno ya kumtuliza ila sharti lenyewe liandikwe ndani ya sheria: taarifa ya mahali pa mizinga isitumike kutoza chochote, na uandikishaji uwe bure. Nitaambiwa kwamba daftari la bure halina fedha za kulitunza, litaoza kabatini. Huenda. Lakini daftari linalolipiwa huoza mapema zaidi, kwa sababu wafugaji wadogo, ambao ndio wengi, hawataingia, na litabaki na majina ya makampuni machache ambayo tayari yanajulikana. Wapo pia watakaosema kijiji kinatosha, na serikali ya mbali isiguse. Nawaelewa, na kwa sehemu kubwa ndiyo ninayotaka: kitabu kikae kijijini au kwenye kata, nakala iende wilayani. Kilichoshindikana Mau ni kwamba maarifa ya koo hayakuwa na nakala nje ya msitu.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kulazimisha ni kosa daima. Si hivyo. Kuna jambo moja ambalo ningelazimisha bila huruma, nalo ni kuhamisha nyuki. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazili, Warwick Kerr, alisafirisha malkia kutoka Afrika, wengi wa Afrika Kusini na pia wa Tanganyika, ili aboreshe nyuki wa kwao. Mwaka uliofuata mabumba 26 yalitoroka, na uzao wao ukasambaa sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini hadi Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Afrika Kusini ikajifunza somo hilo ndani ya mipaka yake. Wafugaji waliwavusha nyuki wa Rasi kwenda kaskazini, katika eneo la nyuki wa savana, ndugu yao wa karibu. Vibarua wa nyuki wa Rasi wanaweza kutaga mayai yanayozaa majike bila dume. Wakaingia mizinga ya wenyeji kama wageni, wakataga, wakala, wakaacha kufanya kazi, na maelfu ya makundi yakafa. Hakuna vijidudu vilivyohusika. Ni nyuki waliopelekwa mahali pasipo pao kwa lori. Sheria ya Tanzania ya 2002 ni kali kuhusu kuingiza nyuki kutoka nje, na hapo sina ugomvi nayo hata nukta. Anayeleta malkia wa Italia kwenye sanduku la posta kwa kuwa amesoma kwamba ni wapole anacheza na urithi wa wengine.

Soko nalo linasukuma upande wa daftari, kwa sababu zake. Asali haiuzwi Umoja wa Ulaya kama nchi itokayo haimo katika orodha ya zenye mpango wa kupima mabaki ya dawa. Tanzania imo. Na mwaka 2024 Umoja huo ulipitisha kanuni kwamba chupa ya asali iliyochanganywa itaje nchi zilizoizalisha na asilimia ya kila moja. Maana yake, asali ya Sikonge au Mlele iliyokuwa ikitoweka ndani ya pipa la mchanganyiko itapata jina la nchi yake kwenye lebo, na mnunuzi atauliza inatoka msitu gani. Msafirishaji atamjibu kwa karatasi. Mrinaji asiye na karatasi atauza kwa mtu mwenye karatasi, kwa bei ya huyo mtu. Vyama vya ushirika vinavyoandika leo mizinga ya wanachama wao vinafanya kazi hii tayari, kwa daftari la mistari na kalamu ya wino, na sioni kwa nini sheria isitambue kitabu hicho badala ya kutunga fomu mpya.

Basi nikirudi kwenye kifungu cha 2021, ningekiandika upya hivi. Mahali pa mizinga paandikwe kijijini, bure, kwa alama ya mwenyewe na jina la mlima, mto au njia iliyo karibu, kwa maana ndivyo watu wanavyojua mahali. Idadi ya makundi isiulizwe. Mamlaka yoyote inayotaka kunyunyizia, kukata, kubadili matumizi ya ardhi au kuchora mpaka isome kitabu hicho kwanza na kuwaita walioandikwa, na ikipuuza, uamuzi wake uweze kubatilishwa mahakamani. Adhabu ibaki kwa anayehamisha nyuki kinyume cha kanuni na kwa anayeficha ugonjwa. Asiyejiandikisha asitozwe wala asifungwe. Akose tu haki ya kuitwa. Bado sijui la kufanya na mzinga mtupu, ule uliotundikwa msimu wa kwanza na bado hauna nyuki ndani. Wanasheria watasema hauna cha kulindwa. Mfugaji atasema huo ndio unaohitaji kulindwa zaidi, kwa kuwa bumba linaweza kuingia wakati wowote baada ya mvua.